Watu Huitwa, Hawahesabiwi

Jumamosi tarehe 12 Oktoba, saa tano na dakika chache asubuhi, nilipoteza jina la msichana mmoja. Msichana mwenyewe hakupotea. Alikuwa amesimama mbele yangu juu ya mwamba, kofia imemkaa upande, mandazi mkononi. Jina lake ni Faith. Naliandika hapa mwanzoni kabisa ili lisinitoroke mara ya pili.

Siku hiyo ndiyo niliyoacha kazi ya kuongoza boti za wageni mtoni. Baadhi yenu, waongozaji wenzangu, mmeniuliza kwa nini niliondoka katikati ya safari, na wengine mmeambiana kwamba nilikosana na Madam mwenye boti, au kwamba ni goti. Goti linauma kweli, lakini silo. Nimekaa nyumbani hapa Kiminini wiki tatu sasa. Nimechukua daftari la mjukuu wangu lililobaki na kurasa, na nimeamua kuandika mambo kama yalivyofuatana. Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hiyo mkifika mahali nimeandika vibaya, pigeni kasia mpite tu.

Aliyenifundisha kazi hii ni Barasa, mume wa dada yangu Nanjala. Tulimzika mwezi wa tisa, kwao karibu na Lugulu. Wengi wenu hamkuwahi kushika boti moja naye. Mmesikia tu kwamba kulikuwa na mzee aliyekataa kuhesabu watu, na nimewasikia mkicheka. Sikuwakemea. Mimi pia nilicheka, mwanzoni.

Kabla ya boti, Barasa na mimi tulikuwa wachota mchanga. Mchota mchanga anaujua mto kwa miguu. Anajua mahali maji yanapochoka na kuangusha yalichobeba, na anajua mahali yanapokimbia bila kuangusha kitu. Hatukujua kwamba hiyo ni elimu. Tulidhani ni maumivu ya mgongo.

Madam alikuja mtoni siku moja na pikapu ya magunia. Babu yake alitoka Murang'a zamani akanunua shamba, na shamba hilo linashuka mpaka kwenye mto Nzoia. Chini ya magunia kulikuwa na vitu viwili vya mpira vilivyokunjwa, na watu wakasema Madam ameleta matangi ya maji. Akauliza ni nani anayeujua mto huu. Watu wakamwonyesha Barasa. Barasa akanionyesha mimi. Akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Hajui kitu, lakini akiambiwa anasikia." Hayo ndiyo mahojiano yangu yote ya kazi. Kuhusu mshahara na vyeo vilivyofuata sitaandika. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo hawajakosa hadithi.

Madam alileta mwalimu kutoka Jinja akae nasi wiki sita. Siku ya kwanza hakutufundisha kupiga kasia, alitufundisha kupinduka. Alitupeleka mahali pabaya, akaigeuza boti kwa makusudi, na mimi niliyesimama kwenye mto huo tangu ujana nilikunywa maji ya kutosha kupika githeri ya harusi. Nilipotoka Barasa alikuwa ameketi ukingoni tayari, amekauka nusu. Akaniambia, "Shemeji, mto umekusalimia. Sasa mnajuana."

Yale ya kwanza tuliyofundishwa bado ndiyo ninayotaka myashike. Jaketi ya kuelea haipimwi kwa macho. Ukishamfunga mtu mikanda, shika mabega ya jaketi uvute juu kwa nguvu. Ikifika masikioni, imelegea. Mgeni akilalamika kwamba inambana, mjibu kwa upole kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Kofia ikae juu ya nyusi, si nyuma kama ya mtu anayekwenda harusini. Na kabla ya kuteremsha boti tazameni maji yenyewe, msitazame mbingu. Kitale inaweza kuwa na jua la kukausha mahindi na huku milimani Cherangany, mto unakotoka, kumenyesha usiku kucha. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakianza kubeba povu na mabua, mna saa mbili, pengine chini ya hapo. Mgeni atasema amelipa na ametoka mbali. Mpeni chai.

Mwalimu alifundisha pia kwamba kila mnaposimama, kabla ya kuondoka, kiongozi anyooshe kidole ahesabu vichwa. Hapo ndipo Barasa aliweka mikono nyuma.

Alisema, "Mwalimu, mimi siwezi kunyooshea watoto wa watu kidole nikiwahesabu."

Mwalimu akamuuliza kwa nini.

"Kwetu mtu akihesabiwa anapungua."

Mwalimu alianza kucheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Wazee waliokuwa wakitutazama kutoka ukingoni walikuwa wanatikisa vichwa kumuunga mkono Barasa. Barasa akaeleza kwamba utotoni alichunga ng'ombe, na hata hao hakuwahi kuwahesabu. Jioni wakiingia zizini alisimama langoni akawatazama. Asiyekuwepo alionekana, kwa sababu aliacha pengo. Mwalimu akasema wageni si ng'ombe. Wanabadilika kila siku, utalijuaje pengo la mtu uliyemwona asubuhi hii? Lilikuwa swali zuri.

Madam ndiye aliyewapatanisha. Alisema hata bibi yake hakuwahi kumwambia mtu ana watoto wangapi, lakini boti ni boti. Wakakubaliana tuhesabu makasia. Kila mtu mkubwa ana kasia lake. Watoto wadogo hukaa katikati wakishika kamba, na mama zao wako nao, na mama hamsahau mtoto. Makasia yakitimia, watu wametimia. Tulifanya hivyo miaka kadhaa, na nikawa naona sisi ni werevu sana.

Mnaujua Mwamba wa Chai. Ulikuwa hivyo hivyo wakati huo, mpana, na vichaka upande wa nyuma, na mkono mdogo wa mto unaoutenga na ukingo wa upande wa Bungoma. Wakati wa kiangazi unavuka mkono huo bila kukunja suruali. Chini yake tu ndipo maji yanapoanza kushuka kwa kasi, pale tulipopaita Mashine, na ukishaingia Mashine hakuna kasia la kukurudisha.

Siku ninayoisema tulikuwa na familia kutoka Kachibora. Baba alikuwa mwalimu wa shule, amewaleta mke, watoto, ndugu zake na mama yake mzazi. Wote walimwita mama huyo Gogo, yaani nyanya kwa lugha yao, nasi tukamwita hivyo hivyo. Sitasema walikuwa wangapi. Gogo alipiga kasia vizuri kuliko mwanawe, na alimwambia hivyo mbele ya watu: "Wewe umeshika hiyo kitu kama mwiko."

Tulisimama mwambani, tukawapa chai na mandazi. Kisha nikaona povu la kwanza likipita. Nikamwonyesha Barasa. Akasema tuondoke. Watu wakapanda boti zote mbili kwa haraka, mimi nikiongoza ya nyuma, yeye ya mbele.

Akaniuliza, "Makasia?"

Nikayahesabu. Nilifanya hivyo kwa uangalifu, naweza kusema hivyo mpaka leo. Nikamjibu, "Yote."

Tulipita Mashine watu wakipiga kelele za furaha. Katika maji tulivu chini yake, mjukuu wa Gogo, mtoto wa miaka sita hivi ambaye asubuhi alilia kwa kunyimwa kasia, alikuwa na kasia mikononi. Nilimwambia amekuwa mkubwa. Akasema, "Hii ni ya Gogo. Aliniachia nishike akienda msalani."

Waliokuwa katika boti yangu walidhani Gogo yuko katika ile ya mbele. Wa mbele walidhani yuko kwangu. Barasa aligeuka akanitazama. Alipiga filimbi mara moja, tukazielekeza boti ukingoni.

Tulizifunga kwenye mti, tukawaacha wageni na yule baba, mwana wa Gogo, tukachukua mifuko ya kamba na kukimbia kurudi juu kupitia mashamba ya miwa. Barasa alikuwa amenizidi miaka tisa lakini sikumsikia akihema. Nilisikia tu akisema jina la Mungu kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita jirani.

Ule mkono mdogo wa mto ulikuwa umejaa hadi kiunoni na ulikuwa unapanda. Gogo alikuwa ameketi sehemu ya juu kabisa ya mwamba, miguu ameikunja, na kando yake kulikuwa na chupa ya chai. Tulikuwa tumeisahau na hiyo.

Barasa alizungusha kamba kwenye shina la mti akashika mwisho mmoja. Mwingine tuliufunga mgongoni mwa jaketi yangu, kwenye ule mkanda unaofunguka ukiuvuta. Tafadhali msifunge kamba mwilini moja kwa moja hata siku moja. Kamba inayookoa ndiyo hiyo hiyo inayozamisha. Niliingia juu kidogo ya mwamba nikaacha maji yanisukume. Tawi moja kubwa lilipita karibu na kichwa changu, nikaliona likiwa limeshapita. Nilipanda mwambani alipokaa Gogo.

Akaniambia, "Nimewamalizia chai. Mmechelewa."

Nilivuta mabega ya jaketi yake. Ilikuwa imekaza. Hilo angalau tulikuwa tumelifanya. Nikamweleza kwamba nitamshika kwa nyuma, asijaribu kusimama, ainue miguu, na Barasa atatuvuta. Akauliza kama Barasa ni yule mnene. Nikasema ndiye. Akasema basi ni sawa. Tuliingia, maji yakamfika kidevuni, kamba ikakaza, tukabembea mpaka ukingoni. Kiatu chake kimoja kilikwenda na mto.

Alikaa kwenye nyasi akikamua sketi. Hakulia wala hakutupigia kelele. Akamgeukia Barasa.

"Mlihesabu nini?"

"Makasia, Gogo."

"Makasia." Alilirudia neno hilo polepole. Barasa akamweleza mambo ya kwao, kwamba mtu hahesabiwi. Nilidhani atatukana. Akasema, "Hata kwetu hatuhesabu. Mimi nimezaa, na sikuambii wangapi. Lakini jioni nilikuwa nasimama mlangoni nawaita. Mmoja mmoja, mpaka aitike. Asiyeitika, nilikuwa naenda kumtafuta. Wewe mama yako hakuwa anakuita?"

"Alikuwa ananiita," Barasa akasema.

"Basi."

Jioni tulikwenda kwa Madam pamoja. Barasa alianza kusema "tulisahau mtu," nami nikamkatiza nikasema aliyehesabu ni mimi. Madam alifunga safari mpaka maji yatakaposhuka, na maneno aliyotuambia yalikuwa ya haki. Yule mwalimu wa Kachibora hakurudi tena, na simlaumu.

Siku hizo, dada yangu aliniambia, Barasa alikuwa anakaa nje akitaja majina ya watoto wa jirani wakipita kwenda shule. Tuliporudi kazini alikuwa na mpango, na mpango huo ndio mnaoufuata mpaka leo bila kujua ulitoka wapi. Ulitoka kwa mama mmoja aliyevaa kiatu kimoja.

Jina unalichukua wakati wa kufunga jaketi. Unamuuliza mtu anaitwa nani, unalirudia mara mbili huku ukivuta mabega, na unamtazama usoni. Barasa alinikataza kulifunga jina kwenye rangi ya kofia, kwa sababu wageni hubadilishana kofia wakipiga picha. Lifunge usoni. Ukifika mwambani, kabla mtu yeyote hajashika boti, unasimama na kuita. Kila mtu aitike kwa mdomo wake mwenyewe. Mke akiitika kwa ajili ya mumewe, unarudia jina la mume, hata kama anatafuna.

Karatasi tuliijaribu. Iliishia kuwa uji mfukoni. Lakini hata ingekaa kavu Barasa hakuitaka. Alisema ukisoma karatasi unatazama karatasi.

Nilidhani sitaweza. Kwa mwezi mzima nilimwita kila mwanamke Mama na kila mwanamume Mheshimiwa, na Barasa akawa ananiuliza kwa sauti mbele ya wageni, "Mheshimiwa nani, shemeji?" Mpaka nikajifunza. Kulikuwa na kikundi cha kina mama kutoka Webuye, akina Mary walikuwa wamejaa boti, tukawaita Mary wa Miwani, Mary wa Mbele, Mary Anayeogopa. Mary Anayeogopa ndiye aliyerudi mwaka uliofuata na watoto wake wote, akaniuliza kama namkumbuka. Nikamwita kwa jina lake lile. Akasema sasa haogopi. Alipoona Mashine akasema anaogopa kidogo. Kulikuwa pia na mchungaji wa hapa Kiminini aliyeomba kabla ya safari mpaka maji yakapungua. Barasa alimwita wa kwanza kila mara ili amalize mapema kuitika, kwa sababu alikuwa anaitika kwa aya.

Kwa miaka mingi sana hatukumwacha mtu. Boti ilipinduka, ndiyo. Mtu alivunjika kidole, ndiyo. Lakini aliyeingia Mashine alikuwa ameitwa na ameitika.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka, na ndiyo sababu nitapita polepole.

Barasa alianza kuruka majina. Mara ya kwanza alimruka kijana mmoja, na nduguye akacheka, "Mzee, huyu si umemwacha? Mwache kweli, anakula sana." Sote tulicheka, Barasa pia. Nilijiambia ni uchovu. Mara ya pili ilikuwa miezi kadhaa baadaye, na nilimtajia mwenyewe jina aliloruka, taratibu, kama ninayemkumbusha mahali alipoweka kisu. Hapo nilikosea. Nilipaswa kusema siku hiyo.

Mara ya tatu hakuruka mtu. Aliita Kevin. Tulikuwa na familia ya watu wa Eldoret, na hakuna Kevin aliyekuwa miongoni mwao. Aliita tena. Hakuna aliyeitika. Akaita mara ya tatu, kisha nikamwona anatazama maji, anavuta mfuko wa kamba kutoka kwenye boti, na anashuka mtoni. Maji yalikuwa yamemfika mapajani nilipomshika jaketi kwa nyuma. Alikuwa na nguvu bado. Akaniambia nimwachie, mtoto wa watu hajaitika.

Nikamwambia, "Shemeji, Kevin alifika nyumbani. Alikuja safarini mwezi uliopita. Wewe mwenyewe ulimvua jaketi."

Alisimama hapo ndani ya maji. Mtoto mmoja wa wageni alianza kulia. Barasa akarudi mwambani, akaweka mfuko wa kamba mahali pake, akauning'iniza vizuri kama alivyofundisha.

Kesho yake tulikuwa peke yetu kwenye stoo tukisuuza jaketi. Sikutaka aambiwe na Madam. Sikutaka pia aambiwe na mtu ambaye hakuwahi kuvutwa naye kwa kamba. Nikamwambia kwamba hawezi kuita tena, na asiyeweza kuita hawezi kuongoza boti. Niliyasema hivyo hivyo. Sikujua njia nyingine.

Aliendelea kusuuza jaketi aliyokuwa nayo mpaka ikawa safi, akaianika. Akavua filimbi shingoni.

"Na wewe," akasema. "Wewe nani atakuambia?"

"Nitajiambia mwenyewe."

"Hutajiambia. Mtu haoni kisogo chake."

"Jina moja likinipotea, siku hiyo hiyo naacha."

"Moja?"

"Moja."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanipa filimbi, akachukua koti lake, akapanda juu kuelekea barabarani. Hakurudi mtoni.

Dada yangu hakunipikia chai kwa muda mrefu. Aliniambia ningengoja kwanza. Nilimuuliza ningengoja nini, na sote wawili tulijua ningekuwa nangoja mtu azame. Hata hivyo hakunisamehe upesi. Nilikwenda Lugulu kila mwisho wa mwezi, chai iwepo isiwepo. Barasa alikuwa anakaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Aliponiona alikuwa anauliza jambo lile lile, "Wote waliitika?" Nami nilikuwa namjibu, "Wote." Ilikuwa kweli kila mara. Singeweza kumwambia vinginevyo.

Mwezi wa saba mwaka huu aliniuliza ninaitwa nani. Nikamwambia Wanyonyi. Akalirudia mara mbili, akinitazama usoni. Kisha akainua mikono, akashika mabega ya koti langu, akavuta juu. Koti lilikuwa kubwa, likanifika masikioni. Akatikisa kichwa, akanifunga vifungo vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka cha shingoni. Nanjala alikuwa mlangoni. Siku hiyo alinipikia chai.

Tulimzika miezi miwili baadaye, na wiki iliyofuata nilikuwa mtoni, kwa sababu wageni walikuwa wameshaandikishwa na maji yalikuwa mazuri.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Kati yenu waliokuwepo ni Chebet, aliyekuwa akiongoza pamoja nami, na msaidizi wetu wa siku zote, kwa hiyo wengine sikilizeni. Chebet alikuja kwetu kutoka mlimani, upande wa Elgon, akiwa hajui kuogelea, na sasa anaogelea kunishinda. Wageni walikuwa familia kutoka mjini Bungoma, binamu wengi, na miongoni mwao msichana mmoja mtulivu wa miaka kumi na miwili hivi. Asubuhi nilimfunga jaketi. Nilimuuliza jina, nikalirudia mara mbili, nikavuta mabega. Nakumbuka mabega. Nakumbuka kwamba jino lake moja la mbele limepanda juu ya jingine.

Mwambani nilisimama nikaita. Niliita Brian, akaitika. Nikamwita mama yake, nikamwita shangazi mwenye kicheko, nikawaita mapacha. Nikafika kwake. Mdomo ulikuwa wazi tayari kwa jina, na hapakuwa na jina.

Hakuna aliyeona. Maji yalikuwa na kelele na watoto walikuwa wakigombania mandazi. Ningeweza kusema "na wewe binti," naye angeitika, na safari ingeendelea. Alikuwa hapo, namwona, hatari yoyote haikuwepo. Niliyemwapia alikuwa chini ya udongo Lugulu. Kazi hii ndiyo niliyobaki nayo, na sitawaficha kwamba nilisimama pale nikitafuta njia. Nilipitia herufi kama mtoto wa nasari, a, b, ch. Msichana alikuwa ananitazama, anangoja aitwe.

Nikamuuliza, "Binti, unaitwa nani?"

"Faith," akasema. "Si nilikuambia asubuhi?"

"Ni kweli. Uliniambia."

Nikavua filimbi, nikamwendea Chebet nikampa. Alidhani nataka anishikie. Nikamwambia aite upya, tangu wa kwanza, na boti yangu aiongoze yeye. Ile nyingine aende nayo yule msaidizi. Akanivuta kando.

"Mzee, ni jina moja tu, bana. Hata mimi husahau."

"Wewe ukisahau, unakumbuka."

"Basi tumalize safari kwanza. Tutaongea jioni."

"Safari tutamaliza. Wewe ndiye utatufikisha."

Chebet akanitazama. Akavaa filimbi. Mimi nilikwenda kwenye rundo la makasia nikachukua moja, nikasimama na wageni, kando ya Faith. Aliniangalia miguuni na usoni, kisha akaninong'oneza kwamba kamba ya kofia yangu imelegea. Nikaikaza.

Chebet aliita wote. Hakubabaika hata mara moja, na hakutazama kofia, alitazama nyuso. Faith aliitika kwa sauti kubwa kuliko wengine. Nikadhani Chebet amemaliza, kwa sababu alinyamaza. Katika miaka yote hajawahi kuniita isipokuwa Mzee.

Akaita, "Wanyonyi?"

Nikasema, "Nipo."

Akatuambia tupande. Nilikaa mahali pa mgeni, mguu mmoja ndani ya kikunjo cha mpira kama tunavyowaambia, na yeye akasimama nyuma yetu, akasema, "Mbele," nasi tukapiga kasia kuelekea Mashine.